Ruhusa ya Picha za Mama

3 Machi

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa sababu ulinikataza kupiga simu wakati Mama yuko macho, na siku hizi Mama yuko macho kutwa nzima. Sikulaumu. Najua akisikia sauti yangu analia, na akishalia hali chakula wala hakupi nafasi ya kushona. Basi tuandikiane kwa barua pepe. Labda hata ugomvi utapungua, maana huwezi kunikatia barua katikati ya sentensi.

Kuna jambo. Ile programu ya Mama niliiandika kwa ajili yake peke yake, siku zile alipotoka hospitali na kiharusi kimemchukulia maneno yote, hata kusoma. Anabonyeza picha, tableti inasema neno. Halafu nikaiachia mtandaoni iwe huria: yeyote aichukue bure, aibadilishe, aigawe, hata aiuze akitaka. Hiyo ndiyo leseni yake. Leo wodi za kiharusi thelathini na kitu zinaitumia. Zinaipata kupitia mkusanyiko mmoja wa programu huria unaoendeshwa na watu wa kujitolea.

Wiki iliyopita wakaguzi wa mkusanyiko huo waliniandikia. Wamegundua kwamba zile picha arobaini na nane si zangu, na ni kweli. Nilizikuta mahali, nikazipenda, nikazitia ndani bila kusoma maandishi ya chini. Leseni ya picha inasema: tumia, lakini usiuze na usibadilishe. Leseni ya programu inasema uza na ubadilishe upendavyo. Vitu viwili hivyo havikai mfuko mmoja. Nisipozitoa kabla ya mwisho wa Aprili, programu inaondolewa kwenye mkusanyiko, na wagonjwa wa wodi zote hizo wanapokonywa kinywa kwa mara ya pili.

Kwa hiyo natafuta seti nyingine ya aikoni ambayo leseni yake inapatana na yangu. Kosa ni langu na nitalirekebisha. Mama usimwambie kwanza.

Mdogo wako


7 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimeelewa kwamba umeiba picha. Ungesema hivyo tu, tungemaliza mapema.

Mama hajambo. Jana alimfukuza mteja wangu. Yule mama wa gauni la kijani alikuja kupima kiuno, akakaa saa nzima anasimulia ndoa za watu. Mama akavuta tableti yake akabonyeza, "Nimechoka. Kwaheri." Ile sauti ya mashine haina haya. Mteja alichukua mkoba wake akaondoka, na mimi nilijifanya natafuta sindano chini ya meza ili asinione nikicheka. Leo asubuhi kaniambia, "Chai. Moto." Nikapuliza. Akabonyeza, "Hapana. Moto," halafu ile picha ya uso uliokunjamana. Kumbe alitaka niipashe.

Ungemwona anavyobonyeza siku hizi. Tableti hata haitazami. Ananitazama mimi usoni na kidole kinakwenda chenyewe, kama mguu wangu kwenye cherehani.

Simu anaiomba bado. Kila siku saa kumi: "Simu. Mwanangu. Leo." Namwambia kesho. Usininunie, wewe humwoni anavyolia, unasikia tu.

Sasa nikuulize, wewe msomi wetu. Umesema hao wenye picha wamekataza kuuza na kubadilisha. Mama anauza nini? Anabonyeza kikombe, anapewa chai. Hao wakaguzi wako watafika mpaka huku sebuleni wamkague? Wodi zao wape picha mpya, za Mama ziache zilivyo.

Dada yako


9 Machi

Kwa Mzee Mchoraji,

Shikamoo. Hunifahamu. Mimi ni mwandishi wa programu moja ndogo inayowasaidia watu waliopoteza usemi, na kwa miaka minne nimekuwa nikitumia picha zako arobaini na nane bila kuzingatia masharti uliyoyaweka. Naomba radhi.

Masharti hayo yanagongana na leseni ya programu yangu. Najua kazi ni yako na una haki ya kukataa. Naomba kuuliza tu: ungekubali kuziachia upya, kwa leseni inayoruhusu mtu kuzibadilisha na hata kuziuza? Ukikubali, maandishi ya mistari miwili yanatosha. Mgonjwa wa kwanza kuzitumia alikuwa mama yangu, na anazitumia hadi leo.

Nina haraka kidogo, muda wangu unaisha mwisho wa Aprili.

Wako kwa heshima,
Mwandishi wa programu


20 Machi

Dada,

Shikamoo. Mchoraji hajajibu. Nimemwandikia tena, kimya. Siwezi kungoja mtu ambaye sijui hata kama yu hai, kwa hiyo nimechagua.

Nilikuwa na seti tatu mezani. Ya kwanza nzuri mno, rangi zake ungezipenda, na leseni yake haina matata. Lakini imetengenezwa kwa ajili ya watu wa ofisini: faili, printa, bahasha, kikapu cha taka. Haina choo, haina maumivu, haina mtoto. Mgonjwa ataomba printa ya nini? Ya pili ina kila kitu, ila leseni yake inapatana na toleo la zamani la leseni yangu, si hili la sasa. Nikiichukua, baada ya mwaka wataniandikia barua ileile. Ya tatu wenyewe wameiachia kabisa, hawadai hata kutajwa jina. Ni mistari myembamba ya kijivu, yote inafanana kidogo, na nyuso zake ni duara na nukta mbili. Haina uchangamfu, lakini ni safi. Nimechukua hiyo.

Tena imepangwa kwa makundi, vyombo na vyombo, hisia na hisia, tofauti na zile za zamani zilizokuwa zimetupwa ovyo. Nadhani itakuwa rahisi zaidi kutumia.

Kuhusu swali lako, jibu ni kwamba mabadiliko ni ya wote, na Mama ni mmoja wao. Leseni ndivyo zilivyo. Toleo jipya litaingia kwenye tableti yake Jumatatu ijayo, lenyewe, usihangaike kubonyeza chochote.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Picha zako ziliingia Jumatatu. Tableti ilijizima, ikawaka, kila kitu kikawa cha kijivu. Nilikaa na Mama nikamwonyesha moja moja: hiki kikombe, hiki kitanda, hii taa. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mteja anayeonyeshwa kitambaa ambacho hana nia ya kukinunua. Nikadhani ameelewa.

Alhamisi saa kumi alibonyeza, "Sabuni. Dirisha. Baridi." Nikamletea sabuni, nikafungua dirisha, nikamfunika blanketi. Akatikisa kichwa, akabonyeza vilevile. Nikafunga dirisha. Akabonyeza vilevile. Nikabadilisha sabuni, nikaleta ile ya kufulia. Mwisho nilicheka, na yeye akacheka kwa ule upande mmoja unaocheka, nikasema basi ni utani. Ijumaa saa kumi, sabuni, dirisha, baridi. Jumamosi hivyohivyo, na jana. Sasa hacheki tena.

Chai yenyewe naikisia. Anataka kitu, mashine inasema "Viatu." Juzi alisema "Ngazi" mara nne, na wewe unajua nyumba yetu haina ngazi. Jana asubuhi alisema "Redio," nikamwashia redio, kumbe haja ilikuwa imembana. Mama yetu, ambaye hakuwahi kutoka hata kwenda kufungua mlango na nguo isiyopigwa pasi. Nilimbadilisha nguo, hatukutazamana.

Jambo jema ni moja tu: simu haombi tena. Nadhani ameshakubali.

Nakuomba, rudisha zile za zamani. Mambo ya leseni sina haja nayo. Sijawahi kukuomba kitu kwa maandishi, na hiki nakiomba kwa maandishi.

Dada yako


5 Aprili

Dada,

Shikamoo. Pole. Nimeisoma barua yako kwa makini, na nakuomba uwe na subira kidogo. Mtu akibadilishiwa aikoni, hata mtu mzima mwenye afya, anachukua wiki tatu kuzizoea. Kwa Mama tuongeze kidogo.

Kila anachobonyeza kinajiandika, na kumbukumbu zinanifikia huku. Naona anabonyeza sana, zaidi ya mara mia kwa siku, kuliko hata zamani. Hiyo ni dalili njema. Angekuwa amekata tamaa angeacha. Ninachokuomba ni usimkisie. Akibonyeza viatu, mpe viatu, ili ajue picha ile maana yake ni viatu. Ukimkisia hatajifunza.

Kurudisha za zamani siwezi kwa sasa. Nitakueleza siku nyingine.

Mdogo wako


16 Aprili

Mdogo wangu,

Nimefanya ulivyosema. Wiki nzima nimempa viatu.

Alhamisi alikuja yule mwalimu wa usemi wa kliniki, kumpima kama kawaida ya kila miezi mitatu. Ni binti mpole, sina ubaya naye. Alikaa mbele ya Mama na karatasi yake akamwuliza maswali ishirini ya kujibiwa kwenye tableti. Nionyeshe kikombe. Nionyeshe kitanda. Nionyeshe mahali panapouma. Mama alikuwa amevaa lile gauni la bluu, alijua ni siku ya kupimwa. Alijibu haraka haraka, bila kusita, ananitazama mimi na kunyanyua kidevu kama mwanafunzi aliyedurusu. Alipata mawili.

Miezi mitatu iliyopita alipata kumi na tisa.

Mwalimu alikunja karatasi yake, akanigeukia akaanza kunieleza. Kwamba huenda kiharusi kidogo kimepita tena bila sisi kujua. Kwamba ufahamu umeondoka, kinachobaki ni mazoea ya vidole tu. Kwamba nafasi ya Mama kliniki itabidi apewe mgonjwa mwingine ambaye bado anaelewa. Yote hayo alinieleza palepale, Mama akiwa kati yetu, kwa sababu kama ufahamu umeondoka unamficha nani? Na Mama muda wote alikuwa anabonyeza. "Kijiko. Mlango. Kijiko. Mlango." Mwalimu akasema, unaona, anarudiarudia bila maana. Alibonyeza kwa nguvu mpaka tukawa hatusikiani, nikaombwa nizime sauti. Nikazima.

Tangu siku hiyo hajagusa tableti. Ijumaa aliigeuza kifudifudi mapajani kwa ule mkono mzima, akakaa anaangalia ukuta. Namlisha kwa kukisia. Ninaposhona nyuma yake nasahau kama kuna mtu chumbani.

Ulisema angekuwa amekata tamaa angeacha. Ameacha.

Dada yako


21 Aprili

Kwa mwandishi wa programu,

Marahaba, mwanangu. Barua zako mbili nimezipata zote kwa pamoja. Macho yangu yamechoka, na mjukuu anayenisomea alikuwa safarini, kwa hiyo zilinisubiri. Samahani kwa kuwa ulikuwa na haraka.

Jibu langu ni ndiyo na hapana. Picha ishirini na nne nilichora mimi. Ishirini na nne zilizobaki alichora marehemu mke wangu, ambaye alikuwa muuguzi wa wodi ya kiharusi. Zake zimerithiwa na kaka yake, na kaka yake hanijibu mimi wala mtu mwingine. Bila idhini yake leseni haibadiliki. Nikikupa zangu tu, nitakuwa nimekupa kikombe bila chai na kitanda bila usingizi.

Usituone wachoyo kwa masharti yale. Zamani tuliziacha wazi kabisa. Kampuni moja ikazichukua ikazitia kwenye kitu cha kuchezea, na ule uso wa maumivu wakauchorea tabasamu ili wauze vizuri. Mke wangu alikasirika sana. Siku hiyo ndipo tulipoandika: usiuze, usibadilishe.

Lakini kuna jambo katika barua yako sikulielewa. Unaandika kana kwamba mama yako naye alihitaji ruhusa. Mtu anayetumia picha zetu nyumbani kwake hakuwahi kukatazwa. Huo ndio mstari wa kwanza wa leseni, kabla hatujakataza chochote. Mkusanyiko wako una masharti yake, sawa, lakini mama yako angeweza kubaki nazo mpaka mwisho wa maisha yake na asingemkosea mtu.

Na kama umeshaweka picha nyingine, natumaini uliacha kila neno mahali pake. Watu walidhani tumezimwaga ovyo. Mke wangu alizipanga kwa miezi saba, akiwa na wagonjwa wake, neno moja moja. Michoro hakuijali sana, alikuwa akinitania kwamba hata ningechora viazi vingefaa. Alisema mgonjwa akishazoea hatazami tena picha, anakumbuka mahali. Ukimhamishia mahali umemnyang'anya neno.

Msalimie mama yako.

Mchoraji


22 Aprili

Dada,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na ubaya wangu.

Wakaguzi walitaka picha mpya, na walitaka pia ripoti ya wiki tatu ya mgonjwa mmoja halisi aliyezitumia. Bila ripoti hiyo wasingepokea toleo. Sikuwa na mgonjwa wa kumwomba, nilikuwa na Mama. Uliponiuliza kama picha zake zinaweza kubaki, jibu lilikuwa ndiyo. Ziliruhusiwa tangu siku ya kwanza. Nilikuficha kwa sababu ungekataa, nikajiambia wodi thelathini zina uzito kuliko sebule moja. Nilimfanya Mama kipimo bila kumwuliza yeye wala wewe. Uliponiomba kwa maandishi nizirudishe, zilikuwa zimebaki siku kumi na moja ripoti ikamilike.

Jana mchoraji aliniandikia. Amenieleza kwamba wagonjwa hukariri mahali, hawakariri picha. Nilikaa kwanza nikasema haiwezekani. Halafu nikamkumbuka Mama alipofanya kazi masjala, miaka ishirini na tisa, anavyotoa faili nyuma ya mgongo wake huku anaongea na mtu dirishani. Sisi wawili tulikaa chini ya meza yake tukisubiri afunge kazi. Tuliona kwa macho yetu. Na mimi ndiye niliyepanga upya rafu zake, tena nikajisifu kwako kwamba nimezipanga vizuri zaidi.

Nimechukua kumbukumbu zote tangu siku ile ya Jumatatu, nikatafuta kila alipogusa, nikaangalia mahali hapo zamani palikuwa na neno gani. Kazi ya dakika ishirini. Nakuandikia nilichokisoma kwa sababu una haki ya kukijua, lakini ukiwa na mkasi wa kukatia kitambaa mkononi uweke chini kwanza.

Viatu ni chai. Ngazi ni naumwa. Redio ni choo, alibonyeza mara sita siku ile kabla hujamwashia redio.

Sabuni, dirisha, baridi ni simu, mwanangu, leo. Hakuacha kuiomba. Ameiomba siku kumi na tano mfululizo.

Yale maswali ishirini ya mwalimu wa usemi nimeyapitia moja moja, kwa mpangilio wa karatasi yao. Alipata kumi na tisa. Lililomshinda ni lilelile lililomshinda mara iliyopita. Hakuna kiharusi kilichopita tena. Hakuna kilichoondoka. Alikuwa mzima, anajibu sawasawa, na mashine yangu inamsemea upuuzi mbele ya watu.

Na kijiko, mlango, mlipokuwa mnaongea juu yake. Kijiko palikuwa mahali pa mimi. Mlango palikuwa nasikia. Mimi, nasikia. Kumbukumbu inaonyesha mara kumi na saba zenye sauti, na mara tisa baada ya sauti kuzimwa. Halafu basi.

Picha za zamani nimezirudisha kwenye tableti yake leo asubuhi, kila moja mahali pake. Kwa wale wa wodi nimezipanga zile za kijivu kwa mpangilio wa yule muuguzi, mke wa mchoraji, aliyeziwekea zile za zamani mahali pake. Kazi yenyewe ilichukua saa moja na nusu. Ningeifanya mwezi Machi, hakuna ambaye angejua kama kuna kitu kimebadilika.

Wakaguzi wameipokea programu. Wameisifu ripoti, wamesema ina takwimu nyingi.

Nimemwandikia mwalimu wa usemi nikampelekea kila kitu. Na nitapiga simu leo saa kumi. Tafadhali mpe.

Mdogo wako


30 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaenda nikampigia magoti Mama nikamsomea yote, neno kwa neno, na ile sehemu ya sauti kuzimwa nikairudia. Nilitaka aisikie kutoka kinywani mwangu. Wewe ulihamisha picha, lakini aliyebonyeza kitufe cha sauti ni mimi, na aliyekuwa anamwambia kesho kila siku ni mimi. Nilidhani namkinga na machozi. Nadhani nilikuwa najikinga mwenyewe, maana akilia mimi ndiye ninayebaki naye.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwekea tableti mapajani, picha zake zote za rangi zimerudi. Aliiangalia. Hakugusa. Nilikuwa sina akili siku hiyo, nikamshika kidole nikakipeleka juu ya kikombe. Alikichomoa taratibu, hakukasirika, akakirudisha kwenye blanketi.

Ile Jumapili ulipopiga nilimwekea simu sikioni kama ulivyotaka. Uliongea peke yako karibu nusu saa, nilikuwa naisikia sauti yako inavyokatika. Uliniuliza baadaye alifanya nini nikakwambia alisikiliza. Sikukwambia kwamba hakulia. Macho yalikuwa makavu kabisa, anaangalia ukuta, anakungoja umalize.

Mwalimu wa usemi alirudi Jumatano. Alikuwa amelia njiani, nilimwona. Alimwomba Mama radhi, akatoa karatasi yake ya maswali ishirini, akasema tuanze upya, akipata hata kumi anarudishiwa nafasi yake. Nionyeshe kikombe. Mama alimtazama. Nionyeshe kitanda. Mama alimtazama. Aliuliza yote ishirini, kwa upole, akisubiri kila moja. Mwisho ilibidi aandike alichokiona, na alichokiona ni sifuri. Alinionyesha kabla hajakunja karatasi. Mahali pa ufahamu ameandika kwamba yeye mwalimu hawezi kusema kama upo au haupo. Kliniki hawana kisanduku cha jibu la namna hiyo, kwa hiyo nafasi imekwenda kwa mwingine.

Mimi najua anaelewa. Ukimwangalia macho unajua. Siku hizi cherehani nimeigeuza, nashona nikiwa nimemwelekea, na watu wakija sebuleni nawakataza kuongea juu yake. Wananiona nimechanganyikiwa. Yule mama wa gauni la kijani alikuja tena, akakaa akaongea saa nzima, nami nikawa namtazama Mama, namwomba Mungu Mama amfukuze. Hakumfukuza.

Ulisema kwenye simu kwamba unataka kuja na unatengeneza kitu kingine, chenye vitufe vikubwa zaidi. Njoo, lakini usikilete. Na ukishafika usimwulize kitu. Kila anayeingia humu anamwuliza kitu, anasubiri, na yeye anamtazama tu mpaka mtu anaona aibu mwenyewe anaaga. Wewe kaa chini mbele yake, mahali anapokuona, umwambie mwenyewe ulichomfanyia na kwa nini. Mimi changu nimeshamwambia.

Dada yako